Sura ya Tisa: Chini ya Tundu

Mezani kwangu kuna kigogo cha zege ninachokandamizia karatasi zisipeperushwe na feni. Upana wake ni sentimita 10 na urefu wake 15, na huo urefu ndio unene wa slabu kilikotolewa. Ubavu wake ni laini kama sahani kwa sababu kilikatwa kwa almasi. Ukikilowesha maji kidogo kinakuonyesha kila kilichomo: kokoto za kijivu zenye kona kali, mchanga uliojaza nafasi kati yake, vishimo vya hewa iliyonaswa siku zege lilipomwagwa na kushindiliwa nusunusu. Karibu na ncha moja kuna duara la chuma linalong'aa, ukubwa wa kitufe cha shati. Hiyo ni nondo ya milimita 12, imekatwa safi kama kipingili cha muwa.

Nondo hiyo haikutakiwa kuwa hapo.

Kigogo kilitoka ghorofa ya tatu ya jengo moja hapa Dar es Salaam. Mwenye nyumba alikuwa anaongeza bafu, na bomba la maji machafu lilihitaji pa kupita. Nilisimama pale na ramani mkononi. Kwa mujibu wa ramani, nondo ya karibu ilikuwa sentimita 6 kutoka tulipoweka alama. Tulitoboa, na nondo tukaikuta. Siku ya kumwaga zege, miaka mingi kabla yetu, mtu aliikanyaga au toroli liliipitia juu, ikasogea, zege likaifunika, basi. Nondo moja katika slabu pana haiangushi jengo. Mhandisi wa jengo alikokotoa upya, akaridhika kwamba zilizobaki zinatosha. Lakini kigogo nilikwenda nacho nyumbani, na tangu siku hiyo sijakubali zege litobolewe kwa kuamini ramani peke yake. Ramani inaeleza walichokusudia wajenzi. Walichofanya kimo ndani ya zege.

Sura zilizotangulia zilihusu kumwaga na kusimamisha. Hii inahusu kukata, kutoboa na kupachika vitu katika zege lililokwisha kukomaa, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya ujenzi inayosimamiwa kidogo kuliko hiyo. Siku ya kumwaga slabu mhandisi yupo, mkandarasi yupo, mwenye nyumba kaleta soda. Siku ya kuitoboa slabu hiyohiyo yupo fundi bomba na tindo yake.

Tindo ina mahali pake. Kwa kuchokoa lipu au tofali haina mpinzani. Shida ni kwamba zege halikatwi na tindo, linapasuliwa. Kila pigo la nyundo linapeleka mtikisiko mbali na pale ncha ilipogusa, na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho zinabaki pembeni mwa tundu hata baada ya fundi kulizungushia simenti na kulipaka rangi. Upande wa chini wa slabu ndiko kwenye hasara kubwa zaidi. Tindo ikikaribia kutokea, zege la chini halina kitu cha kuliegemea, hivyo linameguka vipande vipana kama sinia, na nondo za chini zinabaki wazi. Ndizo hasa nondo zinazobeba ile slabu. Kisha unyevu wa bafu unaanza kazi yake, kutu inavimbisha chuma, na baada ya miaka michache mpangaji wa chini anaona dari yake inapukutika.

Tundu hilo lingeweza kuachwa tangu mwanzo kwa kufunga kipande cha bomba kati ya nondo kabla zege halijamiminwa. Haigharimu kitu. Inahitaji tu fundi bomba aitwe wiki moja mapema.

Asipoitwa, njia ya heshima ni mashine ya almasi. Ni mota imefungwa kwenye nguzo fupi, nguzo imekazwa sakafuni, na chini ya mota kuna bomba la chuma lililo wazi mdomoni. Mdomo huo una meno mafupi ya mstatili, na ndani ya meno kuna chembe za almasi. Bomba linazunguka, maji yanapita katikati yake, na fundi anashusha mkono taratibu. Hakuna kugonga. Kinachotoka ni tope la kijivu, na mwishoni kigogo kizima kama hiki cha mezani kwangu.

Nimewatazama mafundi wengi wa mashine hii, na wazuri wote wana tabia moja: hawaliangalii tundu, wanaangalia maji. Mmoja niliyefanya naye kazi muda mrefu alikuwa akichuchumaa kando ya mashine, kiganja kimoja juu ya mkono wa kushushia, na kila baada ya muda akitia vidole kwenye tope na kuyasugua. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini.

"Chuma, mhandisi," alisema. "Tope la zege ni laini kama uji. Ukikuta nondo linaanza kuwasha vidoleni."

Dakika chache baadaye mlio wa mota ukashuka, mzito, kama gari linaloanza kupanda mlima. Akazima mashine kabla sijasema neno. Maji yaliyokuwa ya kijivu yalikuwa yameanza kung'aa kwa chenga za chuma. Akamgeukia msaidizi wake: "Mdogo wangu, funga maji. Tumwite mwenye ramani." Mashine ile ingeikata nondo kwa dakika tatu nyingine bila shida yoyote. Uwezo wa kukata kila kitu ndio hatari yake, kwa sababu almasi haijui tofauti ya kokoto na nondo. Anayeijua ni yule mtu mwenye tope vidoleni.

Almasi yenyewe inastahili aya mbili, maana watu wengi hudhani inakata kama kisu. Haikati, inakwangua. Kila chembe inachora mfereji mwembamba mno juu ya zege, na maelfu ya mifereji kwa sekunde yanakuwa tundu. Chembe hizo zimeshikwa na mchanganyiko wa metali kama kobalti, chuma na shaba, na siri ya kazi yote iko katika metali hiyo. Lazima iliwe. Chembe ya juu ikichakaa, metali inayoizunguka inapaswa kusagika ili chembe mpya ichomoze. Kwa hiyo zege gumu lenye kokoto ngumu linataka meno ya metali laini, na zege laini au tofali lenye mchanga unaokwaruza linataka meno ya metali ngumu. Wengi hufanya kinyume, wakiamini kigumu kwa kigumu. Matokeo yake meno yanang'aa, yanateleza, mashine inapiga kelele na haishuki. Fundi mzoefu hapo hasukumi kwa nguvu. Anatoa bomba na kulikatisha kwenye tofali la mchanga mara kadhaa mpaka meno yafunguke tena.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia almasi anafikiria Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua mwamba wake mwaka 1940, na anafikiria pete. Lakini almasi nyingi zinazochimbwa hazifai pete. Ni chafu, zina rangi ya moshi, na kazi yake ni kusaga vitu vingine. Kasai, kwa jirani zetu wa Kongo, pande za Mbuji-Mayi, ndiko zilikotoka nyingi zaidi za namna hiyo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia viwanda vya silaha vya Marekani na Uingereza vilizitegemea sana. Utegemezi huo ni moja ya sababu zilizowasukuma wanasayansi kutafuta almasi ya kutengeneza. Desemba 1954, katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, Marekani, waliipata kwa kubana kaboni kwenye joto na mgandamizo mkubwa. Karibu kila mashine ya kukatia zege utakayoiona leo hapa kwetu ina almasi ya kiwandani, na ndiyo maana fundi wa Tandika naye anaweza kununua diski yenye almasi.

Tundu la bomba ni dogo. Mambo yanakuwa mazito mtu anapotaka mlango pasipokuwa na mlango, au ngazi ndani ya slabu. Kwa kazi hizo kuna msumeno wa diski unaotembea juu ya reli iliyofungwa ukutani, na kwa zege nene kama la daraja kuna waya wenye shanga za almasi unaozungushwa kama mnyororo, teknolojia iliyotoka kwenye machimbo ya marumaru. Sitazieleza kwa kirefu. Ninachotaka msomaji afanye ni hesabu moja. Mlango wa upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2.1, katika ukuta wa zege wenye unene wa sentimita 20, ni mita za ujazo 0.378. Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita ya ujazo. Zidisha, utapata kilo 900 na zaidi kidogo, karibu uzito wa gari dogo la Vitz. Swali la kumuuliza mkataji kabla hajawasha mashine ni hili: mstari wa mwisho ukikatika, nani ameishika hiyo Vitz? Anayejua kazi atakuonyesha kwamba atakata vipande vidogo, kila kimoja kimefungwa kwenye cheni bloku kabla hakijaachia. Asiyejua atakuambia, "Tutakuwa wengi."

Halafu tazama kona. Diski ni duara, kwa hiyo ili ifike mwisho wa kona upande wa ndani wa ukuta, lazima upande wa nje ipite kona hiyo kwa sentimita nyingi. Mkataji mzembe anaacha misalaba kwenye kona nne za mlango, kila mmoja umepunguza ukuta pale ambapo nguvu zinajikusanya zaidi. Mkataji makini huanza kwa kutoboa tundu la duara katika kila kona, kisha anakata kutoka tundu hadi tundu. Mkato unaishia ndani ya duara na hauvuki. Duara lenyewe linasaidia, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Ukiingia katika nyumba iliyofanyiwa marekebisho, angalia kona za milango mipya. Utajua ni fundi wa aina gani aliyepita.

Swali kubwa kuliko yote ni mahali pa kukata. Zege lina nguvu nyingi likikandamizwa na udhaifu mkubwa likivutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni takribani moja ya kumi tu ya ile ya kukandamizwa. Nondo ziliwekwa zibebe huo mvuto. Katika slabu iliyokaa juu ya chumba, mvuto uko chini pale katikati, na uko juu pale inapopita juu ya bimu au ukuta. Mtu akikata mfereji wa waya wa umeme juu ya slabu, kando ya bimu, kina cha sentimita tatu tu, anaweza kuwa amekata nondo zote za juu zilizokuwa zikiishika slabu hiyo. Na kama slabu haina bimu, imekaa moja kwa moja juu ya nguzo, basi eneo linaloizunguka nguzo ni la kuogopwa. Hapo mzigo wote wa sakafu unashuka kupitia duara dogo la zege, na nguzo inajaribu saa zote kuitoboa slabu kwa chini, kama kidole kinavyotoboa karatasi.

Seoul, Korea Kusini, walilipia somo hilo tarehe 29 Juni 1995. Duka kubwa la Sampoong lilikuwa jengo la slabu zisizo na bimu. Lilianza likichorwa kwa matumizi mengine, likabadilishwa kuwa duka, na ghorofa ya tano ikaongezwa kwa ajili ya mikahawa. Sakafu zilitobolewa kupitisha ngazi za umeme, na nguzo zilizozunguka ngazi hizo zikakatwa unene kupisha mapazia ya chuma ya kuzuia moto. Baadaye mitambo mizito ya kupoza hewa iliburutwa juu ya paa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Siku ya tukio nyufa zilikuwa zimeonekana tangu asubuhi kuzunguka nguzo za ghorofa ya tano, na wateja hawakutolewa. Jioni nguzo zilizitoboa slabu, na sehemu nzima ya jengo ikashuka ndani ya sekunde chache. Watu 502 walikufa. Aliyeendesha mashine ya kukatia simjui, wala simlaumu yeye, kwa sababu alikata alipoonyeshwa.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda Seoul kutafuta huzuni. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na zaidi ya watu 20 walifariki. Mashuhuda waliwaambia waandishi wa habari kwamba chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kupanua eneo la biashara. Sitasema zaidi ya hapo. Lakini kila mwenye jengo la biashara katika mitaa ile anajua jinsi kila mita ya mraba ilivyo na thamani, na jinsi ilivyo rahisi kumpata mtu wa kuondoa ukuta au kushusha sakafu usiku mmoja.

Majengo marefu mapya yana jambo jingine la kuogopesha. Ndani ya baadhi ya slabu zake kuna nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa kisha zikakazwa zikiwa zimenyooshwa hivyo. Waya mmoja una mvuto wa tani nyingi, siku zote, usiku na mchana. Ukiukata, nguvu hiyo inaachia kwa ghafla, na kishikio chake kinaweza kuruka kutoka ukingoni mwa jengo. Slabu ya namna hiyo haiguswi kabla ya kupekuliwa kwa rada. Rada hii ni kama kitoroli kidogo chenye skrini, kinasukumwa juu ya sakafu, kinatuma mawimbi chini na kuonyesha chuma kilipo. Fundi anafuata na chaki, anachora kila nondo na kila waya juu ya sakafu, mpaka sakafu inaonekana kama kanga ya mistari. Tundu linawekwa ndani ya kimojawapo cha vyumba vilivyobaki wazi.

Sasa tugeuke. Kukata ni kutoa kitu katika zege. Kupachika ni kutia kitu humo na kukitaka kisitoke: bolti ya kushikilia kingo ya ngazi, nondo mpya ya nguzo inayoongezwa, kulabu ya kutundika mashine dukani. Historia yake ni fupi. Mwaka 1911 mjenzi Mwingereza, John Joseph Rawlings, alibuni kijazio cha nyuzi na gundi ili aweze kufunga vifaa vya umeme katika jumba la makumbusho la British Museum bila kuharibu kuta. Jina lake limebaki midomoni mwa mafundi wetu tunaposema rolplagi na rolibolti. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer alitoa ya nailoni, ile inayopanuka skrubu ikiingia, na ndugu wa plagi hiyo wamo katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Mombasa hadi Goma.

Bolti ya kupanuka inashika kwa kubana kuta za tundu. Aina ya pili inashikwa na gundi ya kemikali, mchanganyiko wa vitu viwili vinavyokutana kwenye mdomo wa bomba na kuwa vigumu kama jiwe. Zote mbili zikivutwa kupita kiasi, mara nyingi bolti haichomoki peke yake. Inang'oa zege lenye umbo la pia, ncha ndani na upana nje. Hapo ndipo kina kinapokuwa kila kitu: ukizidisha kina mara mbili, nguvu ya kuling'oa zege inazidi mara 2.8 hivi. Fundi anayekata sentimita mbili za bolti kwa sababu keekee imegonga nondo anadhani amepunguza kidogo.

Lakini kina kinaweza kupimwa kwa rula. Kuna jambo ambalo rula hailioni. Siku moja tulijaribu kuvuta nondo mbili zilizopachikwa siku moja, kwa gundi ileile, katika slabu ileile. Ya kwanza ilikuwa katika tundu lililopulizwa hewa, likasuguliwa kwa burashi ya waya, likapulizwa tena, mpaka hakuna vumbi lililotoka. Ya pili ilikuwa katika tundu lililotobolewa na kujazwa gundi papo hapo. Ya kwanza ilishika hadi mtambo wa kuvutia ukafika kikomo tulichoweka. Ya pili haikufika hata nusu. Ilitoka polepole, bila mlio, na gundi yote ikiwa bado imeishika nondo vizuri kabisa. Nje ya gundi kulikuwa na ganda jembamba la vumbi jeupe, kama andazi lililogaragazwa kwenye unga. Gundi ile haikuwahi kuligusa zege. Ilikuwa imelishika vumbi, na vumbi halijashikwa na kitu.

Nondo hizo mbili zilifanana kabisa kabla ya kuvutwa. Mkaguzi aliyepita asubuhi ile angezisaini zote.

Boston, Marekani, waliamini kwamba kuvuta kila bolti kunatosha. Katika mradi wao mkubwa wa barabara za chini ya ardhi, dari ya handaki moja ilitengenezwa kwa paneli za zege zilizoning'inizwa juu ya magari ili kuacha njia ya hewa. Zilishikwa na bolti zilizogundishwa kwa epoksi kwenye paa la handaki, zikiangalia chini, zikivutwa na uzito saa zote. Bolti zilijaribiwa kwa kuvutwa kwa muda mfupi, zikafaulu. Mwaka 1999 baadhi zilikutwa zimeanza kushuka. Zilibadilishwa, kazi ikaendelea, na hakuna aliyeling'ang'ania swali la kwa nini. Usiku wa tarehe 10 Julai 2006 tani 26 hivi za zege na vyuma zilianguka juu ya gari lililokuwa likipita. Mwanamke wa miaka 38 alikufa pale pale, na mumewe aliyekuwa akiendesha akatoka hai.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichunguza kwa mwaka mzima. Epoksi iliyotumika ilikuwa aina ya kukauka haraka, na aina hiyo ina tabia ya ulimbo. Ukiuvuta ulimbo kwa ghafla unakuwa mgumu na kukushika. Ukiutundikia kitu kidogo na kuondoka, asubuhi utakuta umerefuka. Gundi ya handaki ile ilikuwa imeyeyusha mshiko wake milimita kwa milimita, kwa miaka, chini ya mzigo ambao haukupumzika hata siku moja. Miaka sita baadaye, tarehe 2 Desemba 2012, paneli za dari zilianguka katika handaki la Sasago huko Japani na kuua watu 9. Handaki hilo lilikuwa linatumika tangu 1977, na bolti za juu ya dari zilizoshikwa na gundi ya kemikali zilikuwa zimepita miaka mingi bila kugongwa nyundo kusikiliza mlio wake.

Baada ya Boston, kanuni za zege za Marekani zilizotolewa mwaka 2011 ziliingiza masharti ya bolti za gundi kwa mara ya kwanza, na kutaka anayepachika bolti ya kuning'iniza mzigo wa kudumu awe na cheti chake mwenyewe. Cheti cha kampuni hakitoshi. Ni cha yule anayeshika burashi. Naona hilo ni jambo la haki sana, na ningependa kuona bodi zetu za usajili zikilichukua.

Vumbi linalobaki ndani ya tundu linadhoofisha bolti. Linalotoka linadhoofisha mtu. Kokoto na mchanga vina silika, na zege likikatwa kavu silika inakuwa chembe ndogo zinazofika mwisho kabisa wa pafu na kubaki huko. Pafu linaweka kovu kuzunguka kila chembe. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, hauna tiba, na unamfungulia mlango kifua kikuu, jambo ambalo madaktari wa kaskazini mwa Tanzania wamelishuhudia kwa wachimbaji wa Mirerani. Marekani walizika mamia ya vibarua, wengi wao weusi, waliochimba handaki la Hawks Nest huko West Virginia mwaka 1930 na 1931 bila maji wala barakoa. Leo kiwango cha juu kinachoruhusiwa huko ni mikrogramu 50 za silika katika mita moja ya ujazo ya hewa, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Sasa mfikirie kijana wa kwetu na grinda kavu ndani ya korido, wingu jeupe limemfunika mpaka nyusi, leso imefungwa puani. Leso inazuia vumbi unaloliona. Linaloua linapita.

Dawa yake ni bomba la maji la bustani. Mashine za almasi zinataka maji hata hivyo, ili meno yasiungue. Tope likusanywe, lisimwagwe kwenye mtaro, kwa sababu lina ukali wa simenti na linaunguza ngozi. Fundi avae buti na glavu.

Kwa hiyo wewe mwenye nyumba, au mwenyekiti wa wapangaji, au mwalimu mkuu unayeongeza mlango wa dharura: siku fundi wa kutoboa akija, usiende kunywa chai. Muombe mhandisi wa jengo aandike kwa mkono wake mahali pa kutoboa. Muulize fundi ni kipi kitashika kipande kikikatika, na maji yako wapi. Akipachika bolti, simama karibu na uhesabu: apulize, asugue, apulize tena. Vigogo vikitoka, mwambie akuachie kimoja, ukiloweshe na ukitazame ubavu wake. Na fundi akikuambia kwamba vumbi chini ya tundu halina shida, mlipe nauli yake na utafute mwingine.